Pipa, Bomba na Diski ya Wingu: Namna ya Kufundisha Vikomo vya Mwendo katika Darasa la Sita

Utangulizi

Walimu wanafunzi wengi wafikapo kwenye hesabu za mabomba na pipa huingiwa na hofu, nao watoto wanaowafundisha huzichukia. Hesabu hizo zimo katika vitabu tangu zamani: bomba moja hujaza pipa kwa saa kadhaa, jingine hulitoa maji kwa saa kadhaa, nasi twaulizwa pipa litakwisha lini. Mtoto huuliza, tena ana haki ya kuuliza, ni nani duniani anayefungua bomba la kujaza na la kutoa kwa wakati mmoja. Mwalimu asiye na jibu hukohoa kidogo, akafuta ubao na kuendelea.

Katika makala haya tunakusudia kumpa mwalimu mwanafunzi jibu la swali hilo. Jibu lenyewe limo katika kazi inayofanyika kila siku mahali pengi, nayo ni kazi ya kuchunga vikomo vya mwendo wa diski za kompyuta zinazokodishwa kwa njia ya intaneti, yaani diski za wingu. Tutaeleza kwanza mambo ambayo mwalimu hana budi kuyafahamu yeye mwenyewe, kisha tutatoa andalio la somo moja la dakika 40 lisilohitaji kompyuta wala umeme. Mwisho tutatoa mazoezi pamoja na majibu yake.

Kosa letu wenyewe

Hatukulichagua jambo hili kwa kupenda mambo mapya tu. Tulilichagua kwa sababu lilituaibisha.

Miaka michache iliyopita chuo chetu kilianza kuingiza alama za mazoezi ya kufundisha katika programu iliyowekwa kwenye kompyuta ya kukodi. Katika juma la mwisho la muhula, wakufunzi wote walikaa pamoja asubuhi kuingiza alama. Kwa muda mfupi kazi ilikwenda vizuri, kisha programu ikawa nzito kama mkokoteni uliokwama mchangani. Mkufunzi aliingiza alama moja, akangoja, akaingiza nyingine, akangoja tena. Siku ya pili mambo yakawa hayo hayo, na siku ya tatu vivyo hivyo.

Karani anayeshughulikia kompyuta aliitwa mbele ya kikao. Alituonyesha vipimo viwili. Cha kwanza kilionyesha kuwa diski haijajaa hata nusu. Cha pili kilionyesha kuwa wastani wa kazi ya diski kwa siku nzima ulikuwa mdogo sana. Nasi tukamjibu kwamba, ikiwa diski ina nafasi na haifanyi kazi nyingi, basi uzembe ni wa kwake. Alama za wanachuo zilichelewa, na baadhi yao walilazimika kulipa nauli kurudi chuoni kuja kuziulizia.

Baadaye mwenzetu mmoja alivitazama vipimo vya dakika kwa dakika badala ya wastani wa siku. Akaona kwamba kila asubuhi diski ilifika kwenye kikomo chake cha matendo kwa sekunde na kukaa hapo hapo, huku maombi yakipanga foleni. Vipimo vyote viwili alivyotuonyesha karani vilikuwa vya kweli, ila sisi tulikuwa tumeviuliza swali visiloweza kulijibu. Tulimwomba radhi karani katika kikao kilekile tulichomlaumia.

Maarifa anayohitaji mwalimu

Diski ya wingu ni nini? Ni sehemu ya kuhifadhia kumbukumbu iliyomo katika majengo makubwa ya kompyuta, nayo hukodishwa kwa watu walio mbali. Mkodishaji huomba ukubwa anaoutaka, akaitumia diski hiyo kana kwamba imo ndani ya kompyuta yake. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha diski za namna hii mwaka 2008, chini ya huduma iitwayo Elastic Block Store. Mwaka 2020 ilifungua majengo ya huduma zake mjini Cape Town. Kampuni nyingine nazo hukodisha diski za jinsi hii. Katika makala haya tutatumia takwimu za Amazon, kwa kuwa zimetangazwa wazi na zinafaa kwa hesabu za shule ya msingi.

Mwalimu na afahamu kwamba diski ina vikomo zaidi ya kimoja. Fikiria ghala la mahindi lenye mlango mmoja. Ghala hilo lina ujazo wake, yaani magunia mangapi yanaweza kukaa ndani. Mlango nao una vikomo viwili. Cha kwanza ni idadi ya wachukuzi wanaoweza kupita kwa dakika moja. Cha pili ni jumla ya uzito unaoweza kupitishwa kwa dakika hiyo. Ghala laweza kuwa nusu tupu, na bado kukawa na msongamano mlangoni.

Diski ni vivyo hivyo. Kikomo cha kwanza ni ujazo, nao hupimwa kwa gigabaiti. Cha pili ni idadi ya matendo ya kusoma na kuandika kwa sekunde moja. Cha tatu ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, nacho hupimwa kwa megabaiti. Aina ya diski ya Amazon iitwayo gp3, iliyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2020, hupewa kwa bei ya kawaida matendo 3000 kwa sekunde na megabaiti 125 kwa sekunde. Anayetaka zaidi hulipia nyongeza.

Je, ni kikomo kipi kitakachofikiwa kwanza? Hilo hutegemea ukubwa wa mzigo. Tuchukue megabaiti 1 kuwa sawa na kilobaiti 1024. Programu ikisoma vipande vidogo vya kilobaiti 16 kila kimoja, matendo 3000 yatapitisha kilobaiti 48,000, yaani megabaiti 47 hivi. Kikomo cha matendo kimefikiwa, ilhali kikomo cha data hakijafikia hata nusu. Lakini programu ikisoma vipande vikubwa vya kilobaiti 256, matendo 500 tu yatatosha kufikisha megabaiti 125. Hapa kikomo cha data kimefikiwa, na matendo ni sehemu moja tu ya sita ya yale yaliyoruhusiwa. Mtu anayetazama kipimo kimoja ataona amani, na msongamano uko kwenye kipimo cha pili.

Zaidi ya hayo, kompyuta inayoitumia diski nayo ina kikomo chake. Mlango wa ghala waweza kuwa mpana, lakini ikiwa barabara iendayo ghalani ni nyembamba, kuupanua mlango ni kutupa fedha. Kwa hiyo mchungaji wa diski huuliza pia habari za kompyuta yenyewe.

Pipa la akiba

Sasa tumefika penye pipa letu. Aina ya diski ya zamani kidogo, iitwayo gp2, ilitolewa na Amazon mwaka 2014, nayo ingali ikitumika. Kikomo chake hubadilika kadiri akiba inavyobadilika, na hapo ndipo panapotufaa sisi walimu.

Diski hiyo hupewa pipa la akiba lenye nafasi ya matendo 5,400,000. Diski mpya huanza na pipa lililojaa. Kila sekunde pipa huongezewa matendo 3 kwa kila gigabaiti moja ya ukubwa wa diski, lakini nyongeza hiyo haishuki chini ya 100. Huo ndio mwendo wa msingi. Pipa likiwa na akiba, diski ndogo yaweza kukimbia hadi matendo 3000 kwa sekunde. Pipa likikauka, diski hurudi kwenye mwendo wake wa msingi, naye mtumiaji hushangaa kwamba kitu kilichokuwa kikikimbia sasa kinatambaa.

Tutazame diski ya gigabaiti 100. Nyongeza yake ni 3 × 100, yaani 300 kwa sekunde. Ikitumiwa kwa mbio za 3000, pipa hupungua kwa 3000 − 300, yaani 2700 kwa sekunde. Basi pipa litakauka baada ya sekunde 5,400,000 ÷ 2700, yaani 2000, ambazo ni dakika 33 na sekunde 20. Tangu hapo mwendo utashuka kutoka 3000 hadi 300, yaani sehemu moja ya kumi. Na diski hiyo ikipumzishwa kabisa, pipa litajaa tena baada ya sekunde 5,400,000 ÷ 300, yaani 18,000, ambazo ni saa 5.

Mtoto aliyeuliza ni nani anayefungua mabomba mawili kwa wakati mmoja amepata jibu lake. Bomba la kujaza na la kutoa yako wazi mchana na usiku, na watu hulipwa mishahara ili walitazame pipa.

Andalio la somo

Darasa: la Sita. Somo: Hisabati. Mada: Mwendo wa kujaza na kutoa. Muda: dakika 40.

Lengo: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kukokotoa muda ambao chombo kitakwisha ikiwa kinajazwa na kutolewa kwa pamoja, na aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini wastani peke yake hautoshi kuonyesha kikomo.

Zana: Ndoo moja ya lita 10, vikombe vya chai vinne vilivyo sawa, karai la maji, ubao na chaki. Mahali penye shida ya maji mwalimu atumie mchanga mkavu. Ndoo itiwe vikombe 20 kamili kabla ya kipindi kuanza.

Hatua ya 1 (dakika 5). Mwalimu aliulize darasa: "Duka lina sukari tele, lakini wateja wamepanga foleni mpaka nje. Kwa nini?" Wanafunzi watasema muuzaji ni mmoja, au mizani ni moja. Mwalimu ayaandike majibu yao ubaoni pasipo kuyasahihisha. Kwa njia hii watoto wenyewe watakuwa wametenganisha ujazo na mwendo kabla hawajatajiwa maneno hayo.

Hatua ya 2 (dakika 15). Mwalimu achague mjazaji mmoja na makarani watatu. Karani wa kwanza atahesabu vikombe vilivyobaki katika ndoo, wa pili atahesabu waliopata, wa tatu atahesabu walio katika foleni. Wanafunzi wengine wote ni wachotaji. Mwalimu atapiga makofi kwa mwendo wa polepole. Katika kila pigo mjazaji atatia kikombe 1, na wachotaji 3 wapya watakuja kila mmoja akitaka kikombe 1. Aliyekwisha kupata amwage maji yake katika karai na kurudi nyuma ya darasa kungoja zamu nyingine. Aliyekosa abaki katika foleni.

Makarani wataona hivi, na mwalimu ataandika ubaoni:

Pigo la 1: ndoo 18, waliopata 3, foleni 0.
Pigo la 5: ndoo 10, waliopata 3, foleni 0.
Pigo la 10: ndoo 0, waliopata 3, foleni 0.
Pigo la 11: ndoo 0, aliyepata 1, foleni 2.
Pigo la 15: ndoo 0, aliyepata 1, foleni 10.
Pigo la 20: ndoo 0, aliyepata 1, foleni 20.

Mwalimu asiharakishe hapa. Mpaka pigo la 10 watoto hawatalalamika, kwa maana kila ajaye hupata. Lakini kuanzia pigo la 11 kelele zitaanza, na kelele hizo ndizo somo lenyewe. Mwalimu aziache kidogo, kisha aulize: "Ni karani yupi aliyejua mapema kwamba shida inakuja?" Jibu ni karani wa ndoo. Karani wa foleni alijua shida ilipokwisha kufika. Karani wa waliopata hakujua lolote hadi pigo la 11.

Hatua ya 3 (dakika 10). Mwalimu awaongoze wanafunzi kukokotoa. Kila pigo huingia 1 na kutoka 3, hivyo ndoo hupungua kwa 2. Vikombe 20 ÷ 2 ni mapigo 10. Hesabu imekubaliana na macho yao, na hilo huwapa watoto imani na hesabu kuliko maneno yetu yote.

Kisha mwalimu aulize wastani wa waliopata katika mapigo yote 20. Katika mapigo 10 ya kwanza walipata 30, na katika mapigo 10 ya mwisho walipata 10. Jumla ni 40, na 40 ÷ 20 ni 2. Sasa ndipo mwalimu aulize swali kuu la kipindi: "Ni katika pigo lipi walipata watoto wawili?" Watatazama ubaoni, na hawataliona pigo hilo. Mara walipata watatu, mara mmoja. Wastani wa 2 ni sahihi, walakini hakuna pigo hata moja lililofanana nao. Mwalimu akinyamaza kidogo baada ya swali hili, watoto watalielewa wenyewe.

Hatua ya 4 (dakika 10). Mwalimu aeleze kwa ufupi kuwa hivyo ndivyo ilivyo diski ya wingu: ndoo ni akiba, mjazaji ni mwendo wa msingi, wachotaji ni programu, na foleni ni maombi yanayongoja. Kisha awape zoezi la kwanza katika yale yaliyo hapa chini.

Namna ya kuchunga diski

Mwalimu aliyefundisha somo hili atakuwa na maarifa ya kumfaa hata siku atakapokabidhiwa kompyuta ya shule. Mashirika yanayokodisha diski hutoa pia vipimo vyake. Kwa Amazon vipimo hivyo hukusanywa katika huduma iitwayo CloudWatch. Wale makarani wetu watatu wamo humo: akiba iliyobaki katika pipa la gp2 huonyeshwa kwa asilimia chini ya jina BurstBalance, maombi yanayongoja huonyeshwa chini ya jina VolumeQueueLength, na idadi ya matendo ya kusoma na ya kuandika huonyeshwa kila moja peke yake. Yampasa mchungaji azijumlishe hizo mbili na kugawanya kwa sekunde, ndipo apate matendo kwa sekunde.

Tunamshauri mchungaji wa diski ajiulize maswali manne kwa utaratibu huu.

Swali la kwanza: Vikomo ni vipi? Aviandike vyote mahali pamoja, yaani ujazo, matendo kwa sekunde, data kwa sekunde, na vikomo vya kompyuta yenyewe. Kipimo kisicho na kikomo kando yake hakisemi kitu. Mtu akituambia mtoto amepata alama 30, hatuna budi kuuliza, "Kati ya ngapi?"

Swali la pili: Kila kipimo kiko wapi kikilinganishwa na kikomo chake? Asikichanganye kimoja na kingine, wala asikitumie kimoja kumtetea mwenzake.

Swali la tatu: Wastani huu ni wa muda gani? Tuseme diski yenye kikomo cha 3000 imefanya kazi kwa 3000 katika dakika moja, kisha kwa 200 katika dakika nne. Wastani wa dakika tano ni (3000 + 800) ÷ 5, yaani 760. Anayeuona mchoro wa dakika tano ataona robo tu ya kikomo na kulala usingizi, ilhali kwa dakika nzima watu walikuwa wakingoja. Ndiyo maana Amazon imeongeza pia vipimo vinavyojibu kwa tarakimu 1 au 0: tarakimu 1 maana yake ni kwamba katika dakika hiyo programu ilikuwa ikidai mfululizo zaidi ya kikomo, na tarakimu 0 maana yake haikudai hivyo.

Swali la nne: Ni kipimo kipi kitakachoonya mapema? Ni vema kuweka tahadhari ili mtu apewe habari akiba inaposhuka, asingoje hadi foleni ijae. Karani wa ndoo na asikilizwe kabla ya karani wa foleni.

Mazoezi pamoja na majibu

Zoezi la 1. Diski ya gp2 ina gigabaiti 500. Pipa limejaa, na programu inatumia matendo 3000 kwa sekunde. Pipa litakauka baada ya muda gani? Jibu: Nyongeza ni 1500, upungufu ni 1500. 5,400,000 ÷ 1500 ni sekunde 3600, yaani saa 1.

Zoezi la 2. Diski ya gp2 ina gigabaiti 20. Pipa limekauka na diski haitumiki. Litajaa baada ya muda gani? Jibu: 3 × 20 ni 60, lakini nyongeza haishuki chini ya 100. Hivyo ni 5,400,000 ÷ 100, yaani sekunde 54,000, ambazo ni saa 15. Mwanafunzi aliyetumia 60 atapata saa 25. Mwalimu amrudishe kwenye maelezo ya swali badala ya kumwekea mkasi tu.

Zoezi la 3. Diski ya gp2 ina gigabaiti 1000, na programu inatumia matendo 3000 kwa sekunde. Pipa litakauka lini? Jibu: Halitakauka. Kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Zoezi hili lipewe nafasi ya kujadiliwa, maana wengi watajaribu kugawanya kwa sifuri.

Zoezi la 4. Katika dakika moja, diski yenye kikomo cha 3000 ilifanya matendo 3000 kwa sekunde katika sekunde 10, na 120 kwa sekunde katika sekunde 50. Wastani wa dakika ni ngapi? Jibu: (30,000 + 6000) ÷ 60, yaani 600, ambao ni sehemu moja ya tano ya kikomo. Mwalimu aulize: "Je, kikomo kilifikiwa?" Ndiyo, kilifikiwa, na wastani haukusema.

Makosa ambayo walimu wanafunzi huyafanya

Kosa la kwanza ni kuanza na kompyuta. Mwalimu huingia darasani na maneno kumi mapya, na kabla hajafika la tano watoto wamekwisha kumwacha. Aanze na ndoo. Jina la diski lije mwishoni, watoto wakiwa tayari wana picha ya kulipokelea.

Kosa la pili ni kutumia kopo lililotobolewa chini badala ya vikombe. Tunaonya hapa kwa kuwa tulijaribu. Maji katika kopo yakipungua, hutoka kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo mwendo wa kutoa haulingani tangu mwanzo hadi mwisho, na hesabu ya ubaoni haitakubaliana na saa. Vikombe hulinganisha mwendo.

Kosa la tatu ni kuikimbia hatua ya 3 kwa sababu kengele iko karibu kulia. Afadhali kuyaacha mazoezi ya nyumbani kuliko kuliacha swali la pigo lisilokuwapo.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba ujazo ni jambo moja na mwendo ni jambo jingine, kwamba kila kikomo kina kipimo chake, na kwamba wastani waweza kuwa sahihi na bado ukaificha shida. Haya ni mambo ya diski, lakini mwalimu hakosi kuyakuta darasani kwake. Darasa lenye wastani wa alama 50 laweza kuwa na watoto waliopata 90 na waliopata 10, pasipo hata mmoja aliyepata 50. Na mtoto anayechelewa kunakili maelezo ubaoni pengine hana upungufu wowote wa akili. Mwalimu ndiye anayeandika na kufuta upesi kuliko mkono mdogo unavyoweza kufuata. Kabla hatujamwita mvivu, yatupasa kutazama foleni iko mlango gani.

Nasi tungali tukimkumbuka yule karani wetu. Alikuwa na vipimo viwili mkononi, na wasomaji thelathini wenye vyeti mbele yake, wala hapakuwa na mmoja aliyeuliza, "Wastani huu ni wa muda gani?" Mwalimu mwanafunzi atakayetoka katika kipindi hiki akiwa amewafundisha watoto kuuliza swali hilo atakuwa ametufundisha na sisi. Tunawatakia kazi njema katika mazoezi ya kufundisha.